Gurudumu la meno la mbao na pinioni ya brasi: mwongozo kamili wa kuvitengeneza kwa mikono

Mwongozo huu unahusu jozi moja ya sehemu za mashine: gurudumu la mbao lenye meno 60 na pinioni, yaani gurudumu dogo lenye fito mahali pa meno, ya fito 10 inayoendeshwa nalo, ambavyo kwa pamoja hutoa uwiano wa mizunguko 6 kwa 1. Jozi ya namna hii inafaa katika saa ya ukutani ya mbao, katika mfano wa kufundishia fizikia shuleni, au katika kifaa chochote kidogo ambacho mzigo wake si mzito. Vyuma vikuu ni viwili: mhimili wa chuma wenye kipenyo cha milimita 6, na shaba ya manjano, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki ambao mafundi wengi huuita brasi.

Anayedhani kwamba mbao haiwezi kubeba kazi ya usahihi amwangalie John Harrison, seremala wa Barrow upon Humber nchini Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1693. Saa zake za mwanzo zilikuwa na magurudumu ya mwaloni, na meno yake aliyachonga katika vipande vilivyopachikwa ukingoni ili nyuzi za mbao zielekee nje kutoka kitovuni. Saa aliyoijenga katika shamba la Brocklesby Park yapata mwaka 1722 ilitumia mbao ngumu yenye mafuta yake ya asili mahali pa msuguano, hivyo haikuhitaji kutiwa mafuta hata kidogo. Mambo mawili tutayachukua kwake: mwelekeo wa nyuzi, na kutotegemea mafuta.

Vipimo vyote kwanza

Usiguse msumeno kabla ya kuandika vipimo vyote kwenye karatasi moja na kuibandika ukutani. Duara muhimu kuliko yote ni lile nitakaloliita mduara wa kazi, yaani mahali ambapo magurudumu mawili yangegusana kama yasingekuwa na meno. Kwa gurudumu letu mduara huo una kipenyo cha milimita 180, na kwa pinioni ni milimita 30. Kutokana na hayo, umbali kati ya mihimili miwili ni milimita 105, na nafasi kutoka jino hadi jino, ukiipima kwa kufuata mduara wa kazi, ni milimita 9.42.

Kipenyo cha nje cha gurudumu kitakuwa milimita 187, yaani jino litapanda milimita 3.5 juu ya mduara wa kazi. Mapengo kati ya meno yatakuwa na upana wa milimita 4.7 kwenye mduara huo. Fito za pinioni zitakuwa na kipenyo cha milimita 3.2, na kipimo hicho kina sababu yake: fimbo za brasi za kulehemia zinazouzwa katika maduka ya vifaa vya mafundi wa gesi hupatikana kwa unene huo huo, ni nyoofu kiasi, na bei yake ni nafuu kuliko fimbo ya kiwandani. Chagua zile zisizopakwa dawa ya lehemu. Tofauti kati ya pengo la 4.7 na ufito wa 3.2 inaonekana kubwa, lakini gurudumu linalosukuma upande mmoja tu halidhuriki na nafasi hiyo, na mbao inahitaji mahali pa kuvimbia.

Mbao na namna ya kuipanga

Ukikata gurudumu kutoka ubao mmoja, meno yaliyo kwenye ncha za nyuzi yatakuwa imara, lakini yale ya pembeni, ambayo nyuzi zake zinapita kwa kukatiza, yatang'oka kwa kusukumwa na kidole. Tena ubao huvimba na kusinyaa kwa upana wake bila kubadilika sana kwa urefu, kwa hiyo duara lililokatwa wakati wa mvua huwa yai wakati wa kiangazi. Kasoro ya namna hiyo tupa haiwezi kuisahihisha.

Dawa yake ni kujenga gurudumu kwa matabaka matatu. Tabaka la kati ni duara la plaiwudi nzuri yenye unene wa milimita 4, isiyo na mashimo ndani. Kila upande wa plaiwudi hiyo gundisha pete ya vipande 12 vya mbao ngumu, navyo viwe na unene wa milimita 4, ili jumla iwe milimita 12. Kwa kazi hii naipendelea mninga kuliko mbao nyingine zote za kwetu, kwa kuwa husinyaa kidogo sana na hukatika vizuri. Mvule unafaa pia, ingawa mara nyingine hubeba ndani yake chembe ngumu za mawe ya chokaa zinazoharibu makali ya patasi. Mpingo ni mzuri ajabu kwa sehemu ndogo zinazosuguana, lakini kuutumia kwa pete nzima ni ubadhirifu. Vumbi la mbao hizi huwasha ngozi na kusumbua mapafu, kwa hiyo vaa barakoa wakati wa kupiga msasa.

Kila kipande kina umbo la trapeza: upande mrefu milimita 53.6, upande mfupi milimita 34.8, na kimo cha milimita 35. Nyuzi zifuate kimo hicho, si upana. Vipande 12 vikipangwa kwa duara hutimiza pete, na kila kimoja hubeba meno 5, ambayo hakuna hata moja kati yake linalopotoka zaidi ya digrii 12 kutoka mwelekeo wa nyuzi. Tengeneza kigezo kimoja cha plaiwudi chenye pembe sahihi, kisha sugua kila kipande juu ya msasa uliobandikwa kwenye kioo hadi kilingane na kigezo. Ukipanga pete bila gundi na ukaona mwanga kwenye kiungo cha mwisho, gawanya kosa hilo kwa kusugua vipande kadhaa badala ya kimoja.

Pete ya upande wa pili isipangwe sawasawa na ya kwanza. Wengi watataka kuizungusha nusu ya kipande, yaani digrii 15, lakini hapo viungo vyake vitaangukia katikati ya meno. Izungushe digrii 12, ambazo ni sawa na nafasi mbili kamili za jino, na viungo vya pande zote mbili vitaangukia kwenye mapengo, ambako vitaondolewa na biti ya drili wakati wa kutoboa.

Gundi nyeupe ya useremala inatosha endapo gurudumu litakaa ndani ya nyumba; epoksi ni bora ikiwa litapelekwa mahali penye unyevu. Bana pete zote mbili kwa wakati mmoja, kati ya mbao mbili nene zilizonyooka, zikiwa zimetenganishwa na karatasi ya nailoni, ili gundi ikauke kwa usawa pande zote na duara lisijikunje. Liache likae karakanani kwa wiki mbili au tatu kabla ya kuendelea. Anayetengenezea Zanzibar gurudumu litakalotumika Dodoma ajue kwamba litapoteza unyevu litakapofika huko, na ni heri likauke kabla ya kukatwa meno.

Sahani ya kugawia

Hapa ndipo usahihi wote unapozaliwa, na mtu mwenye haraka aiache kazi hii kwa siku nyingine. Kugawa duara dogo la milimita 180 katika sehemu 60 kwa bikari ni kujitafutia taabu, kwa sababu kosa la unene wa penseli likirudiwa mara 60 hukua na kuwa jino zima. Badala yake, gawanya duara kubwa zaidi, kisha lipe gurudumu lako mgawanyo huo.

Kata duara la plaiwudi ya milimita 18 lenye kipenyo cha milimita 640. Toboa tundu la milimita 6 katikati yake, likiwa wima kabisa, na kutoka tundu hilo chora duara la nusu kipenyo cha milimita 300 kwa kalamu ya ncha kali iliyofungwa kwenye mkono wa mbao unaozunguka juu ya mhimili wenyewe. Sasa chukua nafasi ya milimita 300 hasa na uitembeze juu ya duara: itaingia mara 6 na kurudi pale pale ilipoanzia. Isiporudi, rekebisha nafasi ya bikari hadi irudi, maana duara lenyewe ndilo mwamuzi, si rula. Gawa kila sehemu kati ya hizo 6 katika nusu mbili kwa mapindo ya bikari yanayokutana, upate sehemu 12. Mwisho, gawa kila moja ya hizo 12 katika sehemu 5 kwa nafasi ya milimita 31.4. Kwa njia hii kosa haliwezi kujilimbikiza zaidi ya hatua tano, kwa kuwa kila baada ya hatua ya tano unakutana na alama ambayo tayari unaiamini.

Piga senta panchi, yaani chuma chenye ncha cha kutia kitone, kwenye kila alama ukitumia kioo cha kukuzia, kisha toboa matundu 60 ya milimita 4. Hata ukikosea milimita 0.3 kwenye duara hili, kosa hilo litakapofika kwenye mduara wa kazi litakuwa chini ya milimita 0.1, na mbao itakusamehe.

Weka sahani juu ya ubao wa msingi wenye mhimili wa milimita 6 uliosimama wima. Mihimili laini na iliyonyooka hupatikana ndani ya printa mbovu, nayo mara nyingi ni sahihi kuliko chuma cha dukani. Pembeni mwa sahani simamisha kigingi chenye pini ya milimita 4 inayoingia kwenye tundu lolote kati ya yale 60 bila kucheza.

Kinachobaki ni daraja, yaani kipande cha chuma bapa chenye upana wa milimita 25 na unene wa milimita 4, kinachotoka kwenye mhimili hadi kwenye nguzo iliyo nje ya sahani. Daraja lina matundu matatu tu: la milimita 6 linalovaa mhimili, la milimita 4.5 lililo milimita 90 kutoka hapo, na la milimita 3.2 lililo milimita 15 kutoka kwenye tundu lile lile la mhimili. Matundu haya mawili ya mwisho ndiyo yatakayoongoza biti wakati wa kutoboa gurudumu na pinioni, kwa hiyo yatoboe kwa drili ya stendi hata kama itakubidi kuiazima. Baada ya hapo drili ya mkono inatosha.

Kitovu cha brasi

Kata visahani viwili vya kipenyo cha milimita 40 kutoka bati la brasi la milimita 2. Vibane pamoja kwenye jiliwa na kuvitoboa kwa wakati mmoja kwa biti ya milimita 5.8, kisha malizia kwa rima, yaani kifaa cha kupanulia tundu kwa usahihi, hadi mhimili uingie kwa kuteleza bila kutikisika. Brasi ina tabia ya kuivuta biti ndani na kuinasa ghafla. Ili kuizuia, sugua makali ya biti kidogo kwa jiwe la kunolea hadi yawe na ubapa mwembamba, yakwangue badala ya kuchimba. Shika kazi kwa kibano, kamwe si kwa vidole. Brasi nyingi za kukereza zina risasi ndani yake, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kula.

Toboa katikati ya gurudumu tundu la milimita 8, ili mhimili uguse brasi peke yake na usiguse mbao. Paka nta kwenye mhimili, vika kisahani kimoja, gurudumu, kisha kisahani cha pili, vyote kwa epoksi, na kabla gundi haijashika zungusha gurudumu mbele ya msumari uliosimamishwa karibu na ukingo. Ukingo ukipanda na kushuka, lisukume taratibu hadi litulie. Gundi ikikauka, ongeza ribiti tatu zilizokatwa kutoka fimbo ile ile ya 3.2. Tangu sasa usipime kitu chochote kutoka mahali pengine isipokuwa kwenye tundu hili la kitovu.

Matundu sitini

Vika gurudumu, ambalo bado ni pana kuliko litakavyokuwa mwishoni, juu ya sahani ya kugawia, na ulikaze kwa skrubu mbili zinazopita sehemu ya plaiwudi iliyo ndani ya pete. Lizungushe hadi kiungo kimoja cha pete ya juu kiwe chini ya tundu la milimita 4.5 la daraja, pini ikiwa imeingia kwenye tundu la sahani, ndipo ukaze. Weka ubao wa taka chini yake ili nyuzi zisipasuke biti inapotokea upande wa pili.

Toboa, inua pini, sogeza sahani nafasi moja, rudisha pini, toboa tena. Tumia biti mpya, na usiisukume. Matundu haya yamekaa juu ya mduara wa kazi wenyewe, na sehemu yake ya ndani ndiyo itakayokuwa sakafu ya kila pengo, yenye mviringo, ambayo haina kona ya kuanzishia ufa.

Tundu la sitini likikamilika, kata ukingo kwa msumeno mwembamba ukiacha milimita moja nje ya mstari, kisha zungusha gurudumu juu ya mhimili dhidi ya ubao wa msasa uliokazwa umbali wa milimita 93.5 kutoka katikati. Kutoboa lazima kutangulie: ukipunguza ukingo kwanza, ukuta unaobaki nje ya tundu ni milimita 1.25 tu, nao utapasuka.

Kufungua meno

Chora umbo la jino kwa kutumia kigezo cha brasi. Ubavu wa jino kuanzia mduara wa kazi kwenda nje ni pindo la nusu kipenyo cha milimita 5, ambalo kitovu chake kiko juu ya mduara wa kazi, ng'ambo ya jino hilo hilo, kupita kidogo ubavu wake wa pili. Mapindo mawili yakikutanishwa hivyo, ncha ya jino hubaki na ubapa wa takribani milimita 2. Chini ya mduara wa kazi ubavu huelekea moja kwa moja kitovuni hadi kukutana na mviringo wa tundu.

Kigezo kiwe mkono unaovaa mhimili upande mmoja, na upande wa pili kiwe na umbo la jino moja pamoja na kishikizo cha milimita 4.5 kinachoingia kwenye tundu la jirani. Kwa hiyo kila jino huchorwa kutoka kitovu kile kile na kutoka tundu lililotobolewa kwa sahani. Chora pande zote mbili kwa kichoreo chenye ncha kali, maana mstari wa penseli ni mnene mno.

Kata kwa msumeno mikato miwili kutoka ukingoni hadi kwenye kila tundu, ukibaki ndani ya taka, kisha maliza kwa tupa ndogo bapa na ya nusu duara. Piga tupa kutoka nje kuelekea katikati ya unene, kwanza upande mmoja halafu mwingine, la sivyo nyuzi za pete ya nyuma zitachanika. Kazi hii inachosha, na fundi aliyechoka hula jino kupita mstari. Meno kumi kwa mkao mmoja ni kipimo cha busara. Katika kila pengo pitisha kipande cha fimbo ya 4.7, na kisipopita, ongeza tupa.

Pinioni

Kata visahani viwili vya brasi vya kipenyo cha milimita 38, vitoboe katikati kama vile vya kitovu, na uvikaze pamoja juu ya sahani ya kugawia. Sasa utaongoza biti kwa tundu la milimita 3.2 lililo milimita 15 kutoka katikati, na utasogeza sahani nafasi 6 kila mara, kwa kuwa 60 ikigawanywa kwa 6 hutoa matundu 10. Baada ya tundu la kwanza, pachika ufito ndani yake ili visahani visihamehame. Weka alama kwenye kingo za visahani vyote viwili kabla ya kuvitenganisha, kwani vikirudishwa kwa mpangilio mwingine makosa madogo hayatalingana na fito zitakaa mshazari.

Kata fito 10 za milimita 18.5 na uzing'arishe kwa msasa laini uliolowa mafuta. Kati ya visahani weka mbao mbili za nusu duara zenye unene wa milimita 14 kamili, pitisha mhimili na fito zote isipokuwa mbili, kisha tia lehemu ya bati kwa nje. Mbao hizo hushikilia nafasi na hutolewa kwa pembeni kabla ya kuingiza fito mbili za mwisho. Kwaruza mhimili mahali pa kulehemu, kwa kuwa uso uliong'arishwa haushiki. Osha dawa ya lehemu kwa maji ya moto, la sivyo itaila brasi.

Kukutanisha jozi

Kwenye ubao wa majaribio simamisha mhimili mmoja, na wa pili uuweke kwenye kitelezi kinachoweza kusogea kati ya milimita 104 na 107. Anza kwa 105, zungusha kwa kidole kimoja, na usikilize. Jozi nzuri hutoa mlio mwepesi unaofanana wakati wote. Ikiganda, sogeza kitelezi robo milimita nje. Meno yakiruka au kugonga, kirudishe.

Namna inavyoganda ndiyo inayotaja mahali pa ugonjwa. Ikikaza mara moja tu katika mzunguko mzima wa gurudumu, ukingo hauko sawa na kitovu au kuna jino moja nene. Ikikaza mara sita kwa nafasi zilizo sawa, kasoro iko kwenye ufito mmoja wa pinioni, kwa sababu pinioni huzunguka mara sita kwa kila mzunguko wa gurudumu. Kulijua jino lenye lawama, paka fito chaki, zungusha, na tazama ni wapi chaki imeshika kwa nguvu. Hapo ondoa kidogo kwa tupa laini, ukiacha mengine yote.

Kwa kuwa 60 hugawanyika kwa 10 bila baki, kila ufito hukutana na meno yale yale sita daima. Weka nukta kwenye jino la kwanza na kwenye ufito wake, na ukifungua mashine siku yoyote virudishe pamoja, vinginevyo nyuso zilizokwisha kuzoeana zitaanza kusagana upya.

Paka mwili wa gurudumu vanishi nyembamba pande zote mbili kwa usawa, ili unyevu uingie na kutoka polepole, lakini usiguse mbavu za meno. Hizo zipakwe nta ya mshumaa au unga wa risasi ya penseli, kwa sababu mafuta ya maji huingia ndani ya nyuzi, huzivimbisha na kukusanya vumbi linalogeuka kuwa msasa. Tone moja la mafuta mepesi linaruhusiwa kwenye mhimili, ndani ya brasi, nalo lifutwe mara likionekana kutambaa kuelekea kwenye mbao. Msimu ukibadilika, pima tena umbali wa mihimili kwa kuzungusha na kusikiliza, na ikibidi legeza kitelezi robo milimita kabla ya kuamua kwamba jino lolote linahitaji tupa.